Mtoro wa Dawa Aulizwe, Asipigwe

Wakati wa mavuno ya mpunga nilikuwa Muze kwa kazi za Chama. Wale wasiolijua bonde letu wafahamu kwamba Muze iko chini ya milima ya Lyamba lya Mfipa, mahali ambapo nchi ya baridi ya Ufipa inakwisha na joto la Ziwa Rukwa linaanza. Gari linateremka kwa kona nyingi, na ukifika chini unavua koti. Ni nchi ya mpunga, ufuta na samaki. Ni nchi ya watu wachapa kazi, Wafipa, Wasukuma na wengine waliohamia kulima na kufuga.

Baada ya mkutano wa tawi alinijia mhudumu mmoja wa afya. Akaniambia, "Mwalimu, ninyi watu wa Chama mnasikilizwa katika kila kitongoji. Tusaidieni kuwarudisha watoro." Nilidhani anasema habari za watoto wa shule. Kumbe alikuwa na maana ya watu walioacha kwenda kuchukua dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Katika vituo vyetu watu hao huitwa watoro wa dawa. Hakunitajia jina la mtu hata mmoja, na alifanya vizuri, maana siri ya mgonjwa ni mali ya mgonjwa. Lakini alisema kwamba wengi wa watoro wake ni akina mama.

Neno hilo nililikumbuka njia nzima nilipokuwa napanda mlima kurudi Sumbawanga. Mimi nimesomea ualimu. Chuoni mkufunzi wetu alitufundisha kwamba mtoto mtoro ana kitu anachokikimbia. Mwalimu mvivu humpiga viboko siku anaporudi, na kesho mtoto hukimbia mbali zaidi. Mwalimu mwema humwita kando akamwuliza. Pengine nyumbani hakuna chakula. Pengine kuna mkubwa anayemtisha njiani.

Basi leo nataka tuulizane, ndugu zangu: mama huyu wa bondeni anakimbia nini?

Dawa zimefika

Hawezi kusema kwamba anakimbia ukosefu wa dawa. Twajua historia yetu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kwa miaka ishirini na zaidi tulizika vijana wetu bila ya kuwa na la kufanya. Mwaka 2004 Serikali ilianza mpango wa kuwapa wagonjwa dawa bila malipo. Mwaka 2013 ikaamuliwa kwamba kila mama mjamzito mwenye virusi aanze dawa na aendelee nazo maisha yake yote. Mwaka 2016 ikaamuliwa kwamba kila aliyepimwa akakutwa na virusi aanze dawa mara moja, bila kungoja adhoofike.

Matunda yake tumeyaona. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wanaoishi na virusi na kujua hali yao, karibu 98 wanatumia dawa. Na katika kila 100 wanaotumia dawa, 94 wamefubaza virusi. Mtu aliyefubaza virusi hata visionekane katika damu hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Siku hizi wengi humeza kidonge kimoja tu kwa siku. Hiyo ni kazi ya taifa zima na tuna haki ya kujivunia.

Lakini utafiti ule ule ulionyesha jambo jingine. Katika kila wanawake wazima 100 wa nchi hii, kati ya 5 na 6 wana virusi. Kwa wanaume ni 3. Yaani mzigo huu umewaelemea zaidi mama zetu, dada zetu na wake zetu. Dawa tumewapa. Je, mengine tumewapa?

Habari ya mama mmoja

Kabla sijaondoka bondeni nilizungumza na mama mmoja. Jina lake sitalitaja, wala kijiji chake. Alikubali niandike habari zake kwa sharti hilo.

Alipimwa kliniki alipokuwa na mimba ya mtoto wa tatu. Alipomwambia mumewe, mume alijibu, "Wewe ndiye uliyeleta." Mume mwenyewe alikataa kupimwa. Hapa nataka akina baba wasikilize vizuri. Mwanamke hujua kwanza kwa sababu yeye ndiye anayekwenda kliniki ya wajawazito. Aliyepimwa kwanza si lazima awe ndiye aliyeambukizwa kwanza. Lakini katika vijiji vyetu anayeleta habari ndiye anayepewa kosa.

Mama yule alizaa mtoto mzima asiye na virusi, kwa sababu alimeza dawa. Vidonge alivificha ndani ya chungu cha mbegu za maharage. Miaka miwili alikwenda hivyo. Kisha usingizi ukamkimbia. Akawa anakaa jikoni mpaka alfajiri. Jembe likawa zito. Chakula hakikumpendeza, hata kicheko cha mtoto wake hakikumpendeza. Majirani walisema ni mvivu. Wakwe walisema amerogwa. Mwisho akaacha dawa.

Aliniambia, "Dada, sikuacha kwa kusahau. Niliacha kwa kuwa sikuona sababu ya kuendelea kuwapo."

Nilimwuliza kama aliwaeleza wahudumu. Akajibu, "Hakuna aliyeniuliza. Waliniuliza vidonge vimebaki vingapi."

Siwalaumu wahudumu. Mhudumu mmoja mwenye foleni ya watu wengi na madaftari mengi atauliza nini zaidi? Lakini jibu lile tulibebe sote. Tumejifunza kuhesabu vidonge, hatujajifunza kumwuliza anayevimeza.

Ugonjwa huu una jina

Hali iliyompata mama yule inaitwa sonona. Si uvivu, si uchawi, wala si ukosefu wa imani. Ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, nao unatibika. Sisi tumezoea kusema "ana mawazo", kisha tukamwacha na mawazo yake. Au mtu akisikia neno "akili" hufikiri juu ya Mirembe kule Dodoma, juu ya mtu anayeokota makopo barabarani. Basi nani atakubali kusema kwamba moyo wake unaumwa?

Wasomi wetu wamelichunguza jambo hili hapa hapa nchini. Katika miaka ya 1990, kule Dar es Salaam, wanawake 996 wenye virusi walifuatiliwa tangu walipokuwa wajawazito, na matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Zaidi ya nusu yao walipatwa na dalili za sonona kwa wakati mmoja au mwingine. Na wale waliokuwa na dalili hizo walikuwa katika hatari ya kufa zaidi ya mara mbili kuliko wenzao. Siku zile dawa zilikuwa hazijawafikia wananchi. Leo dawa zipo, lakini kidonge hakijimezi chenyewe. Kinahitaji mkono, na mkono unahitaji moyo wenye nia ya kuishi.

Uchunguzi mwingine wa Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2013, uliwakusanya wajawazito wenye virusi katika vikundi. Walikutana mara moja kwa wiki kwa wiki sita, wakazungumza wakiongozwa na mshauri. Mwishoni, katika kila 100 waliokaa katika vikundi, 60 walikuwa bado na sonona. Kwa wale ambao hawakukaa katika vikundi walikuwa 73. Huo si muujiza, na sitaki kuwadanganya kwamba ni muujiza. Lakini tofauti ya kina mama 13 katika kila 100 baada ya mazungumzo ya wiki sita si jambo dogo. Hakukuwa na mashine. Palikuwa na viti, mshauri na masikio.

Kwa nini hawaendi

Mtu atasema: mbona ushauri nasaha upo? Ni kweli, upo katika mipango, na katika vituo vingi yupo mshauri. Lakini akina mama wengi hawautumii. Nimewauliza sababu, nazo ni hizi.

Ya kwanza ni njia. Mama wa kijiji cha mbali bondeni hutembea, au hulipa bodaboda. Masika mito inapofurika hakuna bodaboda wala njia. Ndiyo maana mwenye hali njema hupewa dawa za miezi mitatu, hata sita. Huo ni utaratibu mzuri wa kumpunguzia safari. Lakini tazameni upande wake wa pili: anaonana na mhudumu mara mbili kwa mwaka, kwa dakika chache. Ugonjwa wa moyo unaweza kuanza na kukomaa katikati ya safari hizo, na hakuna atakayejua.

Ya pili ni macho ya watu. Siku ya kliniki inajulikana na mlango unajulikana. Anayekaa kwenye benchi lile amekwisha kujitangaza. Basi mama huchukua dawa mbio mbio akaondoka. Wengine huvuka vituo viwili kwenda mahali wasikojulikana. Ukimwambia mtu wa namna hiyo abaki nusu saa azungumze na mshauri, unamwomba akae uwanjani.

Ya tatu ni ndimi. Tuseme kweli bila kuoneana haya. Siri nyingi hazitoki kwa adui, hutoka kwetu. Zinatoka kisimani, kilabuni, mashineni, hata kwa mtumishi ambaye kazi yake ni kuzitunza. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka matokeo ya kipimo yawe siri, na inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya virusi. Wangapi wetu tumepata kuisoma mkutanoni?

Ya nne ni nyumba. Mama asiye na fedha yake, ambaye shamba ni la mume na mpunga huuzwa na mume, hawezi kusema neno lolote litakalomfukuzisha. Akifukuzwa ataacha watoto, shamba na ghala. Wazee wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli. Lakini sisi tumempa mahali gani pa kuyafunua?

"Hiyo si kazi ya Chama"

Nimekwisha kuyasikia maneno haya: hayo ni mambo ya hospitali, Chama kina kazi zake. Ndugu zangu, Mwalimu Nyerere alitutajia maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi. Hakusema maradhi ni adui wa madaktari peke yao. Na sonona ya mama huyu imebeba maadui wote watatu kwa pamoja.

Wengine husema hakuna fedha. Hilo lina sababu, na tuliseme wazi. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi ya UKIMWI katika nchi hii ilibebwa na fedha za Marekani, tangu mpango wao mkubwa ulipoanza mwaka 2003. Tarehe 20 Januari 1925 watu wa bondeni walikuwa wakitawaliwa. Tarehe 20 Januari 2025 walikuwa huru kwa miaka zaidi ya sitini, na bado saini moja iliyotiwa Washington siku hiyo, ya kusimamisha misaada ya nje, ilitikisa kazi ya vituo vyetu. Na katika kazi zote, ipi ilikuwa rahisi kukatwa? Si dawa. Ni ile ya kuzungumza, kutembelea na kufariji, kwa kuwa haionekani katika ghala.

Wenye kutusaidia tuwashukuru, maana wameokoa watu wengi. Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika bajeti ya mwaka 2025/26 Serikali iliweka tozo za kutunisha Mfuko wa UKIMWI na bima ya afya kwa fedha zetu wenyewe. Hiyo ndiyo njia. Sasa tudai kwamba katika fedha hizo liwemo fungu la ushauri na afya ya akili, lisiachwe mpaka mwisho.

Na tusifikiri kwamba kazi ya kufariji huanza na fedha. Jirani zetu wa Uganda mwaka 1987 walianzisha TASO. Aliyeongoza ni Bibi Noerine Kaleeba, mjane aliyefiwa na mumewe kwa UKIMWI mwaka ule ule, pamoja na wenzake wachache waliokutana kufarijiana. Hapa kwetu WAMATA ilianzishwa mwaka 1989, dawa zikiwa bado hazijulikani. Hawakungoja.

Hata Zimbabwe wametupa somo. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda, akiona kwamba nchi yake ina madaktari wachache mno wa kazi hiyo, aliwafundisha mabibi vizee 14 wa Mbare, mjini Harare, namna ya kumsikiliza mwenye huzuni. Hawakupewa ofisi. Walipewa benchi la mbao chini ya mti, nje ya zahanati. Mwaka 2016 matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 573 yalichapishwa, na wengi miongoni mwao walikuwa na virusi. Baada ya miezi sita, katika kila 100 waliokaa benchi na bibi, 14 walikuwa bado na sonona. Kwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50. Je, Ufipa hatuna mabibi? Bondeni hatuna miti?

Tufanye nini

Basi natoa mashauri haya kwa matawi yetu, nayo hayahitaji fedha kutoka ng'ambo.

Kwanza, kila tawi lichague akina mama wawili au watatu wenye umri na heshima, ambao watu wanawajua kwa kutunza siri. Wapelekwe kwa mganga wa kituo wafundishwe dalili za sonona: kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula na ya kazi, kujiona hufai, kutaka kufa. Wafundishwe kusikiliza bila kuhukumu, na wajue ni wakati gani wampeleke mtu hospitali. Wasiulize nani ana virusi. Wamsikilize kila mwanamke mwenye mzigo, mwenye virusi na asiye navyo, ili anayekaa karibu nao asiwe amejitangaza kwa lolote.

Pili, tuwaheshimu WAVIU washauri, yaani wale wanaoishi na virusi na kuwasaidia wenzao. Yule mama niliyewasimulia hakurudishwa na mimi wala na daktari. Alirudishwa na mwanamke mwenzake mwenye virusi, aliyemkuta shambani akilia, akamwambia, "Mimi pia," kisha akafuatana naye kituoni. Konga zao za wilaya zipo. Ziitwe katika mikutano yetu zikae meza ya mbele, si kungojea nyuma mpaka ajenda zikwishe.

Tatu, akina baba wapimwe. Viongozi wa matawi waanze. Kiongozi anayemhimiza mke wa mwenzake apime, naye mwenyewe hajapima, anafanya mzaha.

Nne, mwanachama atakayethibitika kutangaza siri ya mgonjwa aitwe mbele ya tawi na kuonywa, kama tunavyomwita aliyekula ada za wanachama. Aliyekula ada amekula shilingi, na huyu amekula maisha ya mtu.

Tano, tuwasemee akina mama mbele ya halmashauri. Tuombe vituo visiweke siku na mlango wa peke yake kwa wenye virusi, bali huduma hizo zitolewe pamoja na nyingine. Tuombe kila anayechukua dawa aulizwe habari za usingizi na moyo wake, kama anavyopimwa uzito. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Tuombe hao wafundishwe habari za sonona, kwa kuwa ndio watakaofika kule ambako bodaboda haifiki.

Ndugu wanachama, mji wetu mkuu unaitwa Sumbawanga, na kila Mfipa anajua maana yake: tupa uchawi. Wazee waliotuachia jina hilo walimtaka kila anayeingia aache mlangoni kile kinachomdhuru jirani. Uchawi wa siku hizi ambao mimi nimeuona kwa macho yangu ni ulimi unaomfukuza mama kwenye benchi la kliniki. Huo nao tuutupe.

Nimeahidi kurudi Muze mpunga utakapopandwa tena. Sitauliza watoro wangapi wamerudi tu. Nitauliza ni matawi mangapi yamewachagua akina mama wa kusikiliza, na ni viongozi wangapi wamekwisha kupima. Mimi nimekwisha kupima.

Shime, ndugu zangu. Tuanze na swali moja tu, nalo si "vidonge vimebaki vingapi?" Ni hili: "Mama, unalalaje?" Kisha tukae tusikilize jibu.